Safari ya meli kutoka Adria hadi Istanbul: maswali tunayoulizwa kila mara

Majibu haya ni ya wasafiri wa Tanzania na Kenya wanaofikiria safari ya meli ya kitalii, ya siku 7 hadi 11, inayoanzia kaskazini mwa Bahari ya Adria na kuishia Piraeus au Istanbul. Ratiba za meli hazifanani, lakini majina yanayojirudia ni Trieste au Ravenna (Italia), Kotor (Montenegro), Dubrovnik (Kroatia), Corfu, Piraeus na Santorini (Ugiriki), na Kuşadası (Uturuki).

Mbona mnatusukuma njia hii? Ile ya Barcelona na Marseille si ndiyo maarufu?

Ni maarufu, na kwa viza ni rahisi zaidi, kwa sababu karibu bandari zote zake ziko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Anayetaka kuogelea, kula vizuri na kupumzika tunampeleka huko bila kusita.

Anayependa miji ya kale, Adria ni jambo jingine. Bandari za njia hii zinasimulia hadithi moja. Venice ilitawala Kotor kuanzia 1420 na Corfu kuanzia 1386, na kote huko utawala wake ulikoma 1797. Kwenye kuta za miji yote miwili utamkuta simba mwenye mabawa amechongwa, alama ya Mtakatifu Marko. Dubrovnik ilijitoa mikononi mwa Venice mwaka 1358, ikajiendesha kama jamhuri ndogo ya wafanyabiashara iliyojua kumlipa Sultani wa Uturuki kodi yake na kubaki na bendera yake, mpaka watu wa Napoleon walipoifuta mwaka 1808. Ukimaliza Istanbul, umefika nyumbani kwa huyo Sultani. Na kwa watu wa pwani kuna uzi wa ziada: shehena kubwa ya ushanga wa kioo uliobebwa na misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda bara ilitengenezwa Venice.

Tangazo linasema meli inaondokea Venice. Ni kweli?

Soma maandishi madogo. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 Italia imezuia meli kubwa kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko na kwenye mfereji wa Giudecca. Meli chache hufunga gati Marghera, upande wa viwandani. Nyingi zimehamia Trieste au Ravenna, na bado matangazo yanaandika "Venice" kwa herufi kubwa.

Trieste ni saa mbili hivi kwa treni kutoka Venice, na gati liko katikati ya mji kabisa. Ravenna ni mbali zaidi, na bandari yake iko nje ya mji, ufukweni. Lakini usiidharau Ravenna. Kanisa la San Vitale liliwekwa wakfu mwaka 547, na michoro yake ya vipande vya kioo na dhahabu, yenye Mfalme Justinian na mkewe Theodora, ni kitu ambacho picha ya simu haiwezi kukionyesha. Ushauri wetu: fika Italia siku mbili kabla, lala Venice usiku mmoja, kisha uende kupanda meli. Tangu 2024 Venice hutoza ada wageni wa kutwa katika siku maalumu za msimu. Anayelala hoteli ndani ya mji halipi ada hiyo, ila lazima apate uthibitisho wa msamaha kwenye mtandao.

Viza. Tunahitaji ngapi, na tuombe wapi?

Hapa ndipo safari nyingi huvunjika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Italia, Kroatia na Ugiriki ziko Schengen. Kroatia iliingia tarehe 1 Januari 2023, siku ileile ilipoanza kutumia euro. Montenegro, kuliko na Kotor, haimo, ingawa nayo inatumia euro. Uturuki haimo. Maana yake, meli ikitoka Italia ikapita Kotor halafu ikaingia Dubrovnik, wewe umetoka Schengen na kurudi tena. Viza ya kuingia mara moja haikufai. Kwenye fomu omba kuingia mara nyingi, na kwenye barua ya maelezo taja bandari moja baada ya nyingine, na tarehe zake, ili ofisa aone sababu. Kampuni ya meli ikikuta viza yako ni ya kuingia mara moja inaweza kukukatalia gatini, na nauli hairudi.

Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi utakayoingia kwanza. Katika njia hii mara nyingi Ugiriki hushinda kwa idadi ya bandari, lakini ukiongeza siku mbili tatu za Venice mizani inaweza kuhamia Italia. Hesabu kabla ya kujaza fomu, maana ombi lililopelekwa ubalozi usiohusika hurudishwa na miadi mpya huchukua wiki.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Hairudi hata ukinyimwa. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 kwa matibabu. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa msimu wa kiangazi usingoje chini ya miezi mitatu.

Uturuki na Montenegro zina masharti yao kwa pasipoti za kwetu, na hubadilika. Angalia tovuti rasmi ya viza ya Uturuki na uulize kampuni ya meli kwa maandishi. "Nimeambiwa na rafiki aliyekwenda mwaka juzi" si jibu la kwenda nalo gatini.

Jambo la mwisho hapa: usilipe nauli yote kabla ya viza kutoka. Chukua tiketi ya amana inayorudishwa, hata kama ni ghali kidogo.

Bei iliyotangazwa inalipia nini hasa?

Kitanda, chakula kwenye mikahawa ya kawaida, maonyesho ya jioni, na usafiri wenyewe. Mara nyingi hailipii vinywaji vya chupa na soda, intaneti, ziara za nchi kavu, mikahawa ya pekee, wala bahshishi. Bahshishi si hiari kama tulivyozoea. Huandikwa kwenye akaunti yako kila siku, kiasi cha euro 10 hadi 18 kwa mtu kutegemea kampuni. Familia ya watu wanne kwa wiki moja ni fedha nzuri, nayo iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Tangu Julai 2025 Ugiriki pia hutoza kila abiria wa meli anayeshuka. Santorini na Mykonos ndizo ghali kuliko zote, euro 20 kwa mtu katika miezi ya kiangazi. Kampuni nyingine huingiza ada hiyo kwenye nauli, nyingine huileta kwenye bili ya mwisho.

Anayesafiri peke yake ajiandae kulipa karibu nauli ya watu wawili, kwa kuwa chumba huuzwa kwa wawili. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ni nafuu sana, na kwa njia hii, ambayo karibu kila siku uko bandarini, kinatosha. Dirisha la nini, wakati mchana kutwa uko mjini? Ila asubuhi moja amka kabla ya jua uende juu sitahani: ile meli inapoingia Ghuba ya Kotor. Milima inabana pande zote mbili, meli inapita pole pole karibu na Perast, na visiwa viwili vidogo, kila kimoja na kanisa lake, vinaachwa pembeni.

Meli inakaa bandarini saa ngapi?

Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya ukubwa wa meli, bwawa la kuogelea na mapambo ya ukumbi. Safari mbili za bei moja zinaweza kupita miji ileile, moja ikakupa Dubrovnik muda wa saa 5 na nyingine muda wa saa 11. Tafuta ratiba yenye siku ndefu, na ikiwezekana yenye usiku mmoja gatini Istanbul. Ukiona mji unakaliwa saa 4 au 5 tu, toa muda wa foleni ya kushuka na wa kurudi mapema, utaona kilichobaki.

Kuhusu saa, mambo mawili. Tangazo la meli huandikwa kwa saa 24. "17:00" ni saa 11 jioni yetu, na "abiria wote ndani" huwa nusu saa au saa nzima kabla ya kung'oa nanga. Mtu aliyezoea kuhesabu kwa Kiswahili, akiwa na haraka, anaweza kusoma "11:00" akadhani ana mchana mzima, kumbe ni saa 5 asubuhi. La pili, saa zenyewe hubadilika njiani. Kiangazi, Italia, Kroatia na Montenegro ziko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja, wakati Ugiriki na Uturuki ziko sawa na sisi. Simu hujibadilisha yenyewe, na wakati mwingine haijibadilishi. Vaa saa ya mkononi na uirekebishe kwa saa inayotangazwa na meli.

Ukichelewa kwenye matembezi yako mwenyewe, meli inaondoka. Utajigharimia kwenda kuikuta bandari inayofuata. Ukiwa kwenye ziara iliyouzwa na meli, itakungoja au itakufikisha.

Basi tununue ziara zote za meli?

Hapana, nyingi ni ghali bila sababu. Kotor, Dubrovnik na Corfu unaweza kutembea mwenyewe. Piraeus kuna metro: tangu 2022 njia ya 3 inafika bandarini, na kwa nusu saa hivi uko katikati ya Athens. Nunua tiketi ya Acropolis, kilima chenye mahekalu ya kale, mapema mtandaoni, kwani huuzwa kwa saa maalumu. Efeso, magofu ya mji wa kale, ndiyo tunayoshauri ununue ziara, au angalau ukodi teksi na wenzako, kwa kuwa iko takriban kilomita 20 kutoka Kuşadası na jua la pale halina huruma.

Dubrovnik tuna siku moja. Tuanze wapi?

Anza kwenye kuta, na anza mapema. Gati liko Gruž, kama kilomita 3 kutoka mji mkongwe, na mabasi ya mji yanakwenda hadi lango la Pile. Mzunguko wa kuta ni karibu kilomita 2, mita 1,940, na tiketi yake ni zaidi ya euro 30. Wengi hukunja uso wakisikia bei hiyo. Lipa tu. Huo ndio mji wenyewe unaouona: upande mmoja bahari, upande mwingine mapaa. Yaangalie hayo mapaa vizuri. Vigae vilivyofifia ni vya zamani, na vile vyekundu vinavyong'aa viliwekwa baada ya mji kushambuliwa kwa mizinga mwaka 1991 na 1992. Sehemu kubwa sana imeng'aa.

Ukishuka, pita barabara kuu ya Stradun, uingie monasteri ya Wafransisko yenye duka la dawa lililoanza mwaka 1317. Kisha toka lango la mashariki, Ploče, uone Lazareti, majengo ya karantini. Mwaka 1377 wakuu wa mji huu waliamuru kwamba anayetoka sehemu yenye tauni asiingie kabla ya kukaa siku 30 kando. Mji wa biashara haukuweza kufunga bandari, ukabuni namna ya kuiacha wazi bila kufa. Sisi wa miji ya bandari tunauelewa mkwamo huo.

Saa 4 asubuhi mabasi ya ziara huanza kumwaga watu, na Stradun hugeuka Kariakoo siku moja kabla ya Idi. Mji umejaribu kuzuia: tangu 2019 kuna makubaliano ya kupokea meli mbili tu kwa wakati mmoja. Wenyeji wa mji mkongwe wamepungua sana, nyumba zimekuwa za kupangisha wageni. Kwa hiyo sauti chini kwenye vichochoro, na kabla ya kukaa kwenye ngazi za mtu angalia kama kuna nguo zimeanikwa juu. Kuna anayeishi hapo.

Na Corfu? Wengi wanasema waliipita tu.

Walikosea. Ngome ya zamani, mitaa ya Kiitaliano, nguzo za Liston zilizojengwa wakati wa Wafaransa, na uwanja ambao kriketi bado inachezwa, urithi wa Waingereza waliokuwapo 1815 hadi 1864. Nusu siku inatosha.

Santorini ni mji wa kihistoria kweli, au ni wa picha?

Kwa asilimia kubwa ni wa picha, tuseme ukweli. Meli haina gati pale, husimama katika ghuba iliyoachwa na volkano na mashua hukupeleka chini ya jabali. Kupanda hadi Fira kuna njia tatu: gari la kamba, ngazi karibu 600, au punda. Foleni ya gari la kamba siku ya meli nyingi inaweza kula saa nzima kwenda na nyingine kurudi. Punda tunakuomba uwaache. Wanabeba watu wazito kwenye mawe yanayoteleza chini ya jua kali, na ngazi hizohizo ndizo unazopita kwa miguu, na kinyesi chao kimo njiani.

Historia ipo, ila iko kusini mwa kisiwa, Akrotiri: mji wa Enzi ya Shaba uliofukiwa na jivu la volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, wenye nyumba za ghorofa na mabomba ya maji machafu. Ukichagua Akrotiri, sahau machweo ya Oia, kijiji cha kaskazini. Vyote viwili kwa siku moja havipatikani.

Efeso ni ile ya kwenye Biblia? Na mbona inaitwa bandari, wakati bahari haionekani?

Ni ileile. Ule ukumbi mkubwa wa maonyesho, uliochukua watu wanaokadiriwa 25,000, ndimo mafundi wa fedha walimozusha ghasia dhidi ya Paulo, kama inavyosimuliwa katika Matendo ya Mitume sura ya 19. Wakristo wengi hufika hapo wakanyamaza kidogo. Karibu na hapo, juu ya mlima, kuna nyumba inayoaminiwa kuwa ya Bibi Maryamu, na Waislamu nao huizuru.

Bahari ilikimbia. Mto Küçük Menderes uliendelea kuleta udongo karne baada ya karne, bandari ikajaa matope na vinamasi, ikaja malaria, biashara ikahama. Simama mbele ya ukumbi huo uangalie barabara pana ya mawe inayoshuka kuelekea magharibi. Hiyo ilikuwa barabara ya bandarini. Mwisho wake sasa ni majani na matete, na maji ya chumvi yako kilomita kadhaa mbele. Kati ya vituo vyote vya njia hii, sisi tunakipenda hiki kuliko vingine, kwa sababu ndipo unapoona bandari inavyokufa. Waongozaji wengi humalizia kwenye Maktaba ya Celsus na kukukimbiza dukani kwa mazulia. Mwambie mapema kwamba zulia hutaki, muda utumike barabarani hapo.

Tumalizie Istanbul au Piraeus?

Istanbul, kama ratiba inakuruhusu. Kuna ndege za moja kwa moja hadi Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro na Nairobi, kwa hiyo huna haja ya kurudi tena Ulaya kuunganisha. Meli hufunga gati Galataport, na tramu ya T1 kutoka Karaköy inakufikisha Sultanahmet, mtaa wa kale wenye majengo makuu, kwa dakika chache. Baki usiku mbili. Ayasofya, iliyokamilika mwaka 537 kama kanisa na baadaye ikawa msikiti kisha makumbusho, ni msikiti tena tangu Julai 2020. Mtalii wa kigeni analipa euro 25 na huingia ghorofa ya juu, anayekuja kusali huingia chini bila malipo. Topkapı, kasri la masultani, hufungwa Jumanne, Soko Kuu hufungwa Jumapili.

Chakula halali kitapatikana melini?

Usidhani, uliza wakati wa kukata tiketi, na upate jibu kwa maandishi. Kampuni nyingine huandaa nyama ya halali kwa ombi la mapema, nyingine hukupa samaki na mboga tu. Nguruwe na pombe hupikwa na kuuzwa kote, na mchuzi unaweza kuwa na mvinyo bila kuandikwa. Mkuu wa mkahawa ndiye wa kuzungumza naye, jioni ya kwanza. Kwa sala, chumbani panatosha. Kibla utakitafuta upya kila siku kwa programu ya simu, kwani meli hugeuka.

Bahari ikichafuka?

Adria na Aegea si Bahari ya Hindi wakati wa kusi, lakini Julai na Agosti upepo wa meltemi huvuma Aegea kwa nguvu, na majira ya baridi upepo uitwao "bora" hushuka kutoka milima ya Trieste. Bahari ikikulevya, chagua chumba cha chini, katikati ya meli, si omoni wala tezini. Dawa humezwa kabla ya kusikia kichefuchefu. Tangawizi mbichi husaidia wengi.

Upepo ndio pia unaosababisha bandari kurukwa, hasa Santorini, kwa sababu ya mashua. Mkataba humruhusu nahodha kufanya hivyo, nawe utarudishiwa kodi ya bandari tu.

Mama yangu ana miaka 74 na goti baya. Ataweza?

Melini ataishi vizuri kuliko hotelini: lifti, kiti cha magurudumu kwa ombi, begi linafunguliwa mara moja tu. Taabu iko nje. Ngome ya juu ya Kotor ina ngazi 1,350, hiyo aisahau, ila mji wenyewe chini ni tambarare. Kuta za Dubrovnik zina ngazi nyingi. Efeso ni mteremko wa mawe ya marumaru yanayoteleza. Aingilie lango la juu atoke la chini. Santorini abaki melini, sitaha itakuwa tupu na mandhari ni yaleyale.

Yale mazoezi ya dharura siku ya kwanza ni lazima?

Ni lazima, na si kampuni iliyoamua. Costa Concordia ilipogonga mwamba kisiwani Giglio Januari 2012 watu 32 walikufa, na baadhi ya abiria walikuwa wamepanda siku hiyohiyo bila kuonyeshwa pa kukusanyikia. Sheria za kimataifa zikabadilishwa: sasa hufanyika kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka.

Simu?

Mkiwa baharini weka hali ya ndegeni. Mtandao wa simu wa meli hupitia setilaiti na hukata fedha kwa kasi ya kutisha. Laini moja ya Ulaya itakufaa Italia, Kroatia na Ugiriki. Montenegro na Uturuki mara nyingi haimo.

Twende mwezi gani?

Mei, mwanzo wa Juni, au mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Wenye watoto wa shule hulazimika kwenda Agosti, na hao tunawaambia wazi: joto la Athens hupita nyuzi 35, Acropolis hufungwa saa za mchana joto likizidi, na bei iko juu kabisa. Kama ni Agosti tu, anza kuomba viza Machi.